Tunaziba ufa, nyumba inazama

Najua nimewasusa kidogo. Wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimeolewa, na mmoja akauliza kama nimechukua fomu ya udiwani. Hapana jamani, sijafika huko. Nilikuwa Ujiji kwa mama, nimekwenda kukagua nyumba. Nimerudi na jambo moyoni ambalo nikilinyamazia litanikaba.

Leo sizungumzii siasa. Nazungumzia mafundi. Tena mafundi wa kazi moja tu: kutengeneza nyumba iliyotitia, ukuta uliopasuka, sakafu iliyozama. Mtasema huyu dada kakosa habari za kuandika. Subirini kidogo.

Nyumba yetu aliijenga marehemu baba kwa tofali za kuchoma na msingi wa mawe, kama nyumba nyingi za Ujiji. Ilisimama vizuri miaka yote. Mwaka 2018 kaka yangu aliye Dar es Salaam akatuma pesa, tukaongeza vyumba viwili kwa nyuma na baraza upande wa uani. Tulifurahi sana. Mama akahamia chumba cha nyuma kwa sababu kina upepo wa ziwani.

Mvua za 2020 hazikumaliza ila ukaonekana ufa. Ulianzia kwenye kona ya dirisha la chumba cha mama ukapanda kwa ngazi ngazi, ukifuata maungio ya tofali hadi karibu na bati. Mlango ukaanza kukwama. Sakafu ya baraza ikazama upande mmoja, mvua ikinyesha maji yanatuama pale kama yamealikwa.

Sasa nisikilizeni tulivyofanya, maana nadhani ndivyo mnavyofanya na ninyi.

Tukamwita fundi. Nani kamleta? Shemeji wa jirani. Ana sifa gani? Ni mtu wetu, anaswali, ana bei nzuri. Fundi akaja, akautazama ufa kwa dakika tano, akasema, "Hili ni tetemeko tu, msiogope." Hoja yake ilikuwa na mvuto. Kigoma tunakaa kwenye Bonde la Ufa, na wengi wetu tunalikumbuka lile tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, lenye ukubwa wa 6.8, lililotokea chini ya ziwa na kuangusha nyumba ng'ambo, Kalemie. Kwa hiyo tukakubali. Akaupanua ufa kwa tindo, akajaza saruji, akapiga lipu, akapaka rangi. Mwenzake akamwaga zege jembamba juu ya sakafu iliyozama ili ilingane na upande wa pili. Tukalipa shilingi 650,000, vifaa na ufundi. Nikapiga picha, nikamtumia kaka. Kaka akajibu kwa alama ya dole gumba.

Msimu wa mvua uliofuata ufa ukarudi, tena na mdogo wake kwenye kona ya pili. Baraza likazama zaidi, maana sasa lilikuwa limebeba na uzito wa zege jipya!

Fundi wa pili alikuja Novemba 2022. Huyu alikuwa na maneno ya kitaalamu. Akasema tatizo ni msingi, na hapo hakukosea. Akasema atachimba aweke msingi mpya chini ya ule wa zamani. Akaomba advansi ya nusu, tukampa. Akaleta vijana wawili na sululu, wakachimba mfereji mrefu kando ya ukuta wa nyuma, kutoka kona hadi kona, kwa siku moja. Msingi ukabaki unaning'inia. Jioni akasema kesho analeta mawe na saruji.

Usiku ule ikanyesha. Mama hakuwepo, alikuwa amelala msibani kwa jirani. Saa nane za usiku ukuta wa nyuma ukaanguka ndani, juu ya kitanda chake.

Niandike tena? Juu ya kitanda chake.

Fundi simu yake ikawa haipatikani. Haikupatikana mpaka leo. Pesa iliyokwenda pale, pamoja na vifaa vilivyoharibika, ni kama 900,000. Lakini nikiwaza kile kitanda, pesa naisahau.

Mpaka hapa mnategemea nitawatukana mafundi. Sitawatukana. Hoja yangu ni nyingine: kosa la kwanza ni letu sisi tunaowaajiri. Tunalipia kinachoonekana. Ufa unaonekana, kwa hiyo tunalipia ufa. Rangi inapendeza kwenye picha, kwa hiyo tunalipia rangi. Msingi hauonekani, na maji yaliyo chini ya msingi ndiyo hayaonekani kabisa, kwa hiyo hakuna anayeyaulizia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Naomba radhi kwa wahenga, lakini sisi ufa tuliuziba, na ukuta tukaujenga vilevile. Ufa ni dalili, kama joto la mwili. Ukimwagia maji mtoto mwenye malaria atapoa kwa saa moja, malaria iko palepale.

Na wenye dhambi kubwa zaidi ni sisi watoto tulioko mbali. Tunatuma pesa kwa simu kutoka Dar, Mwanza, wengine kutoka Ulaya na Uarabuni, halafu tunadai picha. Fundi anajua mwenye pesa ataona nini. Kwa hiyo anamuuzia mwenye pesa picha. Mama mjane anayelala ndani haulizwi kitu.

Mnataka ushahidi? Subirini nimlete fundi wa tatu.

Huyu tulimpata kiangazi cha 2024. Nilimtafuta mwenyewe safari hii, kwa kwenda kuangalia kazi alizofanya miaka mitano au sita nyuma na kuwauliza wenye nyumba. Ni mzee, mvi kichwa kizima. Nikamwamkia, akaitika, akauliza, "Mama yuko wapi?" Nikasema mimi ndiye ninayesimamia. Akasema, "Sawa binti yangu, lakini mama ndiye anayeijua nyumba."

Hakugusa ukuta. Aliomba ndoo ya maji, akatoa kwenye mfuko wake mpira mwembamba unaoonyesha, ule ambao mafundi wanautumia kupimia usawa. Akaujaza maji, kijana akashika ncha moja kona hii, yeye ncha nyingine kona ile, wakatia alama za penseli ukutani mahali maji yalipotulia. Wakazunguka nyumba nzima. Asubuhi yote ikaishia hapo. Mwisho akasema, "Nyumba yenu haizami. Inazama kona moja. Kona hii imeshuka vidole vinne, nyingine zote ziko sawa."

Kisha akamgeukia mama. "Maji ya bati yanaangukia wapi?" Pale pale kwenye kona, kwa sababu hatukuwa na gata. "Na chini ya vyumba hivi vipya, zamani palikuwa na nini?"

Mama akanyamaza. Akatazama chini. Akasema, "Palikuwa na shimo la choo cha zamani. Tulilifukia kwa takataka na kifusi, tukajenga juu."

Jamani! Tulijua. Mama alijua, mimi nilijua, kaka aliyetuma pesa alijua. Tumelipa zaidi ya milioni moja na nusu, mama amenusurika kufa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema neno "choo" kwa sababu hakuna fundi aliyeuliza na sisi hatukuona kama linahusika. Maswali mawili tu, yasiyo na gharama.

Kazi yenyewe ilichukua wiki tano, na nilikaa kuangalia kila kitu, kwa hiyo niwaeleze ili nanyi mjue mnachopaswa kukiona.

Kwanza alishughulika na maji: gata kwenye bati, mfereji wa zege wa kuyapeleka mbali na ukuta, na udongo wa kuzunguka nyumba ukapewa mwinamo ili maji yatoke badala ya kuingia. Akasema tukiishia hapo tu, tutakuwa tumefanya nusu ya kazi.

Pili, alitegemeza bati na kuta kwa mirunda. Tatu, ndipo akachimba chini ya msingi, lakini kwa vipande. Kipande cha mita moja hapa, halafu anaruka, kingine kule mbali. Hakuchimba viwili vinavyopakana. Kila kipande alishuka mpaka akakuta udongo mgumu ambao haujawahi kuchimbwa, akamwaga zege, akaliacha siku kadhaa likauke na kusinyaa, kisha akabananisha ule mwanya wa juu kwa saruji na mchanga vyenye maji kidogo sana, akivigongea ndani kwa gongo mpaka vikakaza. Baada ya hapo ndipo akahamia kipande kinachofuata. Pale kwenye choo cha zamani alitoa uchafu wote, kina chake kilizidi urefu wangu, akajaza mawe na zege.

Hapo nilielewa kwa nini ukuta wetu ulianguka. Fundi wa pili alikuwa na dawa sahihi, ila aliinywesha chupa nzima kwa mara moja.

Nne, baraza. Alilivunja lote. Akaondoa udongo uliolegea, akarudishia kifusi kizuri kwa tabaka nyembamba, kila tabaka likinyunyizwa maji na kushindiliwa kabla ya jingine. Juu yake mawe, nailoni, halafu zege la karai moja la saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Na kwa siku saba mama alikuwa na kazi ya kulimwagilia asubuhi na jioni, maana zege linahitaji maji ili likomae. Likikauka upesi juani linakuwa biskuti.

Mwisho kabisa, ule ukuta ulioanguka ukajengwa upya na nyufa zikazibwa. Ufa ulikuja mwisho, wala haukuwa mwanzo.

Gharama? Milioni mbili na laki moja. Najua, si pesa ndogo. Lakini jumlisheni zile tulizotupa. Na alama zile za penseli bado ziko ukutani, tulizichora upya baada ya kazi. Safari hii nilipokwenda nimezipima kwa mpira uleule, baada ya mvua kupita. Maji yako palepale kwenye mstari. Mlango wa mama unafunga kwa kidole.

Msidhani haya ni mambo ya Ujiji peke yake. Mji wa Chicago kule Marekani umejengwa kando ya ziwa, kwenye ardhi tambarare yenye tope. Miaka ya 1850 na 1860 waliyanyanyua majengo yao, hata ya matofali na hoteli kubwa, kwa mamia ya jeki za kuzungushwa kwa mikono, watu wakiwa ndani wanaendelea na shughuli zao. Mmoja wa makandarasi wa kazi ile alikuwa George Pullman, yule aliyekuja kuwa tajiri wa mabehewa ya treni. Lakini hawakunyanyua kwa ajili ya mapambo. Waliamua kwanza maji machafu yatapita wapi, wakajenga mifereji, ndipo nyumba zikapandishwa ziifuate. Na ule mnara wa Pisa, Italia, ulipokuwa unakaribia kuanguka, wataalamu hawakuugusa mnara kuuvuta. Walitoa udongo kidogo kidogo chini ya upande uliokuwa juu, mnara ukarudi nyuma karibu nusu mita, na mwaka 2001 ukafunguliwa tena kwa wageni. Dawa ilikuwa ardhini.

Huko Ulaya na Marekani wana hata mashine za kutoboa sakafu iliyozama na kusukuma tope la saruji chini yake mpaka inyanyuke. Mimi kwetu sijaiona. Hata ingekuwepo, juu ya shimo la choo ingesaidia nini? Ungesukuma saruji mpaka ufilisike.

Sasa turudi kwa mafundi. Tuna sheria. Bodi ya Usajili wa Makandarasi ipo kwa sheria namba 17 ya mwaka 1997, na makandarasi wamepangwa kwa madaraja kuanzia la kwanza mpaka la saba. Lakini niambieni ukweli, ni mama gani wa Ujiji, Gungu au Mwanga atamwita mkandarasi mwenye daraja aje kutazama ufa wa chumba kimoja? Kazi hizi zinafanywa na fundi wa mtaani, na zitaendelea kufanywa naye. VETA wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazini bila kupita darasani. Ni jambo zuri, na ukimpata mwenye cheti hicho ni heri. Lakini fundi wetu wa tatu hana karatasi yoyote. Ana mpira, ndoo na maswali.

Linalonisikitisha ni kwamba tunazungumza ujenzi pale ghorofa linapoanguka tu. Lilipoanguka lile la katikati ya Dar es Salaam Machi 2013 na kuua watu 36, nchi nzima ilizungumza. Lilipoanguka la Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, na zaidi ya watu 20 wakafa, tukazungumza tena, tume ikaundwa. Ni sawa kabisa. Lakini ukuta wa tofali ukimwangukia bibi mmoja Ujiji usiku wa mvua, nani anaunda tume? Tunasema amri ya Mungu, tunazika. Mimi Mungu namwogopa, na kwa sababu hiyohiyo siwezi kumsingizia kazi ya mtu aliyechimba mfereji kona hadi kona.

Kwa hiyo nasema hivi, na mkinipinga mnipinge kwa hoja.

Moja: usimwajiri fundi anayetaja bei kabla hajauliza kuhusu maji. Maji ya bati, maji ya choo, maji ya jirani aliye juu yako. Asiyeuliza, mpe chai aende zake.

Mbili: pima kabla hujalipa. Ule mpira wa maji ni bei ya soda chache. Chora mstari wa penseli kila upande wa ufa, andika tarehe, pima upana, urudie baada ya mwezi. Ufa uliotulia ni wa lipu, usikunyime usingizi. Ufa unaotanuka una mwenyewe chini.

Tatu: nenda kaangalie kazi yake ya zamani. Ya jana kila mtu anaijua kupendeza. Iliyopita mvua tano ndiyo shahidi.

Nne: andikianeni. Kazi gani, kwa hatua zipi, nani ananunua vifaa, malipo lini. Lipa kwa hatua, na ya mwisho ibaki mpaka mvua ya kwanza ikipenda. Saruji nunua mwenyewe na uhesabu mifuko inavyofunguliwa.

Najua hapa kwenye kuandikiana ndipo mtanishambulia. Mtaniambia Kigoma hatuishi hivyo, karatasi ni kumtukana mtu, mtu wa kwetu haandikiwi. Hata mimi niliogopa. Nilipompa fundi mzee ile karatasi yangu ya ukurasa mmoja nilikuwa natetemeka. Akaisoma polepole, akacheka. Akasema, "Miaka arobaini nafanya kazi hii, wewe ni wa kwanza kuniandikia. Nipe na mimi nakala yangu. Unadhani ninyi peke yenu ndio mnaodhulumiwa?" Akanihesabia nyumba tatu ambazo hakulipwa sehemu ya mwisho kwa sababu mwenye nyumba alikuwa "mtu wa kwetu". Karatasi inawalinda wote wawili. Undugu uendelee kwenye harusi na misiba.

Tano, na hili ndilo gumu: kuna nyumba ambazo haifai kumwita fundi kabisa.

Ziwa Tanganyika halina adabu ya kukaa sehemu moja. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, maji yalikuwa karibu. Leo ukisimama kwenye ule mnara wa kumbukumbu, ziwa liko mbali, unaliona kule chini. Miaka ile ya 1870 ziwa lilikuwa limejaa mno, mpaka likapasua njia kwenye mto Lukuga upande wa Kongo, ndiko maji yanakotokea, likashuka. Likapanda tena baada ya zile mvua kubwa za 1961 na 1962, mpaka 1964. Likashuka. Tukaja sisi, tukaona pwani tupu, tukasema kiwanja! Likapanda tena 2020, 2021, na 2024. Waulizeni watu wa Kibirizi. Waulizeni wa Gatumba kule Burundi, waliohama na kurudi na kuhama tena.

Kama nyumba yako iko kwenye njia ya ziwa, haijatitia. Ziwa limerudi kudai kiwanja chake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na wengi tunaiona kama sheria ya kuwaonea maskini. Nami nakubali kwamba kumwambia mvuvi ahame bila kumwonyesha pa kwenda ni uonevu. Manispaa ya Kigoma Ujiji ina wajibu hapo, viwanja vya mlimani vipimwe na viuzwe kwa bei ambayo mtu wa mwaloni anaiweza. Lakini fundi anayechukua pesa ya mvuvi huyo kunyanyua sakafu ambayo chini yake kuna ziwa zima, huyo anamwibia mchana. Na mtoto anayetuma pesa hiyo kutoka Dar, badala ya kuichanga kwa ajili ya kiwanja cha juu, anasaidia wizi. Nimeyasema haya kwa watu wangu wa karibu na wamenikasirikia. Bado nayasema.

Juzi usiku wa mwisho kabla sijaondoka, mvua ilinyesha. Sikulala. Nilikaa kitandani nikisikiliza maji yanavyoingia kwenye gata na kukimbia mferejini kwenda zake. Mama chumba cha pili alikuwa anakoroma. Wasomaji wangu, kukoroma kwa mama yako wakati mvua inanyesha ni muziki ambao sijui niufananishe na nini.

Asubuhi nikamuuliza kaka kwa simu, "Nikutumie picha ya msingi?" Akasema, "Msingi unaonekana?" Nikamwambia hauonekani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi nipe mama niongee naye."

Ndiyo hivyo. Wewe uliye mbali, kabla hujatuma pesa nyingine ya lipu, mpigie aliye ndani ya nyumba. Muulize maji yanapita wapi.

Nawasilisha.